Wadhifa si Rekodi: Tuwapimeje Wagombea Urais kwa Vita na Mambo ya Nje?

Kwenye vimbweta vya chuo chetu muhula huu kuna mada mbili tu: bumu limechelewa, na nani apewe nchi mwezi Oktoba. Hiyo ya kwanza tumeizoea. Ya pili kwa wengi wetu ni mpya, kwa sababu uchaguzi wa 2020 ulitukuta hatujafikisha umri. Mimi nilikuwa na miaka 17. Kwa hiyo hii ya 2025 ndiyo kura yetu ya kwanza ya urais, na nimekuwa nikisikiliza tunavyowapima watu. Ajira. Mikopo. Barabara. Katiba. Nani anaongea vizuri, nani anachekesha. Wapo wanaosema bila mabadiliko ya mfumo hakuna uchaguzi wa maana, na huo ni mjadala unaohitaji makala yake. Lakini katika kelele zote hizo sijasikia mtu akiuliza: huyu tukimkabidhi jeshi, atalifanyia nini? Akikaa meza moja na Kagame, Ruto au Tshisekedi, atatetea nini na kwa gharama ya nani?

Nikiuliza mimi, jibu ni lile lile: "Aisee, sisi ni kisiwa cha amani, hayo waachie Wamarekani."

Ni kweli Wamarekani wanalijadili. Mwaka 2008 Barack Obama alimbana Hillary Clinton kwa kura moja tu aliyopiga kwenye Seneti Oktoba 2002, kuruhusu vita vya Irak. Kura moja, miaka sita nyuma, na bado ilimfuata. Lakini hata jirani zetu wanalijadili. Tangu jeshi la Kenya lilipoingia Somalia Oktoba 2011, swali la lini litoke limepandishwa jukwaani zaidi ya mara moja. Sisi ndio tumenyamaza, na siyo kwa sababu hatuna vita.

Nimekulia Ngaramtoni. Barabara inayopita katikati ya mji wetu ndiyo inayokwenda Oldonyo Sambu, Longido hadi Namanga, yaani ndiyo barabara ya Kenya. Ukikaa pale sokoni siku ya gulio unaona mahindi, vitunguu na viazi vinapakiwa, na vingine haviishii Arusha mjini. Upande wa pili, Monduli, kuna chuo cha maofisa wa jeshi. Mjini kuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwenye jengo la AICC ndiko walikokaa majaji wa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mpaka 2015. Mkataba wa amani wa Rwanda ulisainiwa Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Wa Burundi nao Arusha, 28 Agosti 2000. Mtu wa Arusha akisema mambo ya nje hayamhusu, namshangaa.

Kadi tatu zisizo na majina

Mwaka jana nikiwa TP kwenye shule moja ya kata huku kwetu, nilipewa Historia kidato cha tatu, darasa la wanafunzi hamsini na kitu. Tulifundishana kwa Kiingereza cha kwenye silabasi na Kiswahili cha kueleweka. Siku moja niliwapa zoezi. Niliandika ubaoni wasifu wa wagombea watatu bila majina, nikawaambia: fikirieni nchi inaweza kuvamiwa wakati wowote, mchagueni rais.

Wa kwanza: mwandishi wa habari, kisha balozi, kisha waziri wa mambo ya nje. Alikuwa ofisini nchi ilipovamiwa kijeshi.

Wa pili: aliteuliwa balozi akiwa na miaka 22. Akawa mwakilishi wetu Umoja wa Mataifa, waziri wa mambo ya nje, waziri mkuu, waziri wa ulinzi, halafu Katibu Mkuu wa OAU kwa miaka 12.

Wa tatu: mwalimu wa kemia, mbunge, waziri wa ujenzi. Hajawahi kushika ofisi yoyote inayohusu ulinzi wala mambo ya nje.

Mikono ilipohesabiwa, wa pili aliwaacha wenzake mbali sana. Wa tatu alipata kura nne, na nadhani mbili zilikuwa za utani.

Nikawafunulia. Wa kwanza ni Benjamin Mkapa, alishinda 1995 kwa karibu asilimia 62. Wa tatu ni John Magufuli, alishinda 2015 kwa asilimia 58. Wa pili ni Salim Ahmed Salim. Huyu mwaka 1981 alikaribia kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ikamzuia kwa turufu raundi baada ya raundi. Mwaka 2005 aliomba kugombea urais kupitia CCM, na jina lake halikufika kwenye karatasi ya kura. Katika kinyang'anyiro kile watu walizungumza zaidi asili yake kuliko kazi aliyoifanya New York na Addis Ababa.

Darasa likapiga kelele kwamba Watanzania hatujui kuchagua. Nilikuwa najiandaa kuwaelekeza huko huko, ila binti mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono: "Mwalimu, huyo wa kwanza, wakati wa vita, yeye aliamua nini?"

Hilo ndilo swali. Kwenye ubao niliandika vyeo vya watu. Yeye akataka maamuzi yao.

Uamuzi ulikuwa wa nani?

Tuanze na hiyo vita yenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa mto ni la Uganda. Hizo ni takriban kilometa za mraba 1,800, na watu wake. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere akazungumza Dar es Salaam, ile hotuba ya uwezo, sababu na nia ambayo hata aliyezaliwa 2003 anaijua. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979 na mapigano yakaisha mwanzoni mwa Juni.

Mkapa alikuwa waziri wa mambo ya nje tangu 1977. Kazi yake ilikuwa nzito: kuzieleza nchi za Afrika kwa nini nchi moja mwanachama wa OAU inavuka mpaka wa mwenzake na kumwondoa mtawala. Kwenye mkutano wa OAU wa Monrovia, Julai 1979, Tanzania ililaumiwa hadharani na wakubwa kama Nigeria na Sudan. Kuitetea nchi mahali kama pale kunahitaji kifua. Lakini uamuzi wa kuvuka Mutukula haukuwa wake. Ulikuwa wa Nyerere. Waziri anatekeleza, anashauri, pengine anabisha ndani ya chumba, na sisi tulioko nje hatujui alibisha nini. Tukimpa mgombea sifa za vita ambayo aliamua bosi wake, basi tumpe na dereva wa bosi.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni hii: tenganisha wadhifa na rekodi. Wadhifa unaonyesha mtu alikuwa karibu na jambo. Rekodi ni pale alipokuwa na njia mbili, akachagua moja, na mtu fulani akalipa.

Kwa Nyerere hiyo rekodi ipo wazi na ni ndefu. Desemba 1965 alivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Aprili 1968 aliitambua Biafra, jambo lililowaudhi wengi Afrika. Mwaka 1978 akaingia vitani. Katika yote hayo alisimama akaeleza. Vita ilipoisha aliwaambia wananchi wafunge mikanda miezi 18. Mikanda ilifungwa muda mrefu kuliko hapo, kila aliyekuwepo anajua.

Babu yangu mzaa mama alikwenda vitani kama mgambo kutoka huku Arumeru. Nilimfuata nyumbani kumuuliza kwa ajili ya makala hii. Baada ya shikamoo na chai, nikamuuliza kama uchaguzi wa 1980, mwaka mmoja tu baada ya vita, watu walimpima Mwalimu kwa vita. Alicheka. "Mjukuu wangu, kulikuwa na picha ya Mwalimu na kivuli. Ndiyo au Hapana. Ukimkataa Mwalimu unamchagua nani, kivuli?" Kisha akaacha kucheka. Akasema alipiga Ndiyo, na angepiga tena hata wangekuwa wagombea kumi, kwa sababu ya jambo moja: walijua wanakwenda kufanya nini. Waliambiwa wanarudisha ardhi. Lililowasumbua ni baadaye, pale ardhi ilipokwisha kurudi na wao wakaendelea kutembea kuelekea Kampala. "Hapo kila mtu alikuwa anauliza kimya kimya, tunarudi lini."

Swali la babu linatakiwa liwe kwenye mizani yetu. Majeshi yetu yalibaki Uganda mpaka 1981. Desemba 1980 Milton Obote alirudi madarakani kwa uchaguzi uliolalamikiwa sana, na Waganda wakaingia kwenye vita nyingine ya miaka mitano. Kuilinda Kagera ni sifa. Yaliyofuata Uganda nayo yamo kwenye rekodi ile ile, hata kama kwenye vitabu vya shule tunaishia pale bendera ilipopandishwa.

Rais mwenyewe ndiye mwenye rekodi

Turudi kwa Mkapa. Aliyempigia kura 1995 alimpigia "Bwana Msafi", mtu wa kupambana na rushwa. Ila rekodi yake halisi ya mambo ya nje ilianza siku alipoapishwa. Julai 1996, baada ya mapinduzi ya Buyoya kule Burundi, viongozi wa kanda walikutana hapa Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Desemba mwaka huo serikali ilitaka wakimbizi wa Rwanda waliokuwa Ngara na Karagwe warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Watu karibu nusu milioni wakavushwa mpaka, jeshi likiwa nyuma yao, na mashirika ya haki za binadamu yakapinga kwa nguvu. Hawa ni sehemu ya wale waliovuka daraja la Rusumo Aprili 1994, wakati ambapo watu takriban 250,000 waliingia ndani ya muda wa siku moja hivi, na Tanzania ikawapokea chini ya Rais Mwinyi. Marais wawili, mpaka mmoja, maamuzi mawili tofauti kabisa. Unaweza kumtetea Mkapa: kambi zilikuwa zimejaa, misitu imekwisha, kulikuwa na watu wenye silaha ndani yake. Unaweza kumlaumu pia. Ila angalau hapo una kitu cha kupima.

Na kuna Januari 2001. Polisi waliua waandamanaji Unguja na Pemba, na kwa mara ya kwanza Watanzania wakawa wakimbizi, wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Kwenye kumbukumbu zake alizozichapisha 2019 Mkapa aliandika kwamba tukio lile lilibaki doa kwenye urais wake. Nalitaja kwenye makala ya mambo ya nje makusudi. Nchi inayosuluhisha wenzake Arusha huku raia wake wanakimbia kwa mashua, majirani wanaona.

Kikwete ni mfano mzuri zaidi kwa sababu aliingia 2005 akiwa na vyote viwili, sare na wizara. Alikuwa luteni kanali mstaafu, alifundisha siasa kwenye chuo cha maofisa pale Monduli, na alikuwa waziri wa mambo ya nje miaka 10. Alishinda kwa asilimia 80. Ukiangalia kampeni ile, vyeo hivyo vilitumika kama mapambo tu: ana uzoefu, anajulikana duniani. Hakuna aliyemuuliza ni katika mazingira gani atatuma vijana nje ya mipaka.

Akawatuma. Machi 2008, akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, wanajeshi wetu waliingia Anjouan pamoja na wale wa Komoro na nchi nyingine za Afrika, wakamwondoa Mohamed Bacar aliyegoma kuachia madaraka. Lilikuwa jambo la muda mfupi, likaisha vizuri. Mwezi mmoja kabla alikuwa Nairobi, akimsaidia Kofi Annan kuwakalisha Kibaki na Raila mpaka wakasaini. Halafu ikaja 2013. Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2098 mwezi Machi, ikaundwa brigedi ya kupambana ndani ya kikosi cha Umoja wa Mataifa kule Kongo, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza akawa Mtanzania. Brigedi hiyo haikwenda kusimama katikati tu. Ilipewa ruhusa ya kushambulia. Kufikia Novemba M23 walikuwa wameshindwa. Kwingineko, tarehe 13 Julai mwaka huo huo, wanajeshi wetu saba waliuawa Darfur kwa siku moja.

Mei 2013, Addis Ababa, Kikwete alishauri kwamba Rwanda nayo izungumze na waasi wa FDLR. Kigali ilikasirika sana. Kwa miezi kadhaa Kenya, Uganda na Rwanda zikafanya vikao vyao bila sisi, na Novemba Kikwete akaenda Bungeni kueleza kwamba Tanzania haitoki kwenye Jumuiya. Mimi naipa ile hotuba ya Bunge uzito kuliko miaka yake kumi ya wizara. Ushauri wake kuhusu FDLR unaweza kuuona wa busara au wa hovyo kwa jinsi Wanyarwanda walivyoumizwa na kundi lile. Lakini alisimama mbele ya wawakilishi wetu akaeleza yuko wapi na kwa nini.

Magufuli hakuwa na rekodi ya nje alipogombea 2015, na alipoingia hakusafiri sana. Watu wakadhani basi hana sera ya mambo ya nje. Waulize wafugaji wa Longido. Mwaka 2017 ng'ombe zaidi ya 1,300 wa Wamasai wa Kenya waliokamatwa upande wetu walipigwa mnada, na vifaranga 6,400 kutoka Kenya vikateketezwa Namanga. Hiyo ni sera ya nje, tena ya kukusikia mpaka jikoni, kwa sababu Mmasai wa Namanga ana shangazi upande wa pili. Machi 2021 Kenya nayo ikazuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama mpakani, na huku Ngaramtoni bei ikaongelewa kila kona. Mei Rais Samia akaenda Nairobi, mambo yakalegezwa. Mkulima wa Olmotonyi aliyeona hayo yote mawili ana uwezo wa kupima sera ya nje kuliko sisi tunaosoma nadharia za uhusiano wa kimataifa.

Na vita haikwenda likizo wakati wa Magufuli. Tarehe 7 Desemba 2017 wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, mashariki mwa Kongo. Katikati ya Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado walivuka Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Uchaguzi ulikuwa tarehe 28 mwezi huo huo. Kijiji cha Tanzania kimeshambuliwa, zimebaki wiki mbili watu wapige kura, na suala hilo halikuwa hata karibu na ajenda kuu za kampeni. Mwaka huo mmoja wa wagombea alikuwa Bernard Membe, waziri wa mambo ya nje tangu 2007 mpaka 2015, yaani ofisini wakati wote wa Anjouan na M23. Alipata chini ya asilimia 1. Sidhani wapiga kura walimkataa kwa rekodi yake. Hawakuulizwa kuhusu rekodi yake.

Kwa nini ni vigumu kwetu

Kuna sababu ya kikatiba. Ibara ya 44 inampa Rais mamlaka ya kutangaza hali ya vita. Akishatangaza, anapeleka nakala kwa Spika, na Spika anatakiwa kuliitisha Bunge ndani ya siku 14 lijadili azimio la kumuunga mkono. Lakini kupeleka kikosi Darfur au Goma si kutangaza vita. Ibara hiyo haiguswi. Kwa hiyo hatuna ile kura ya Oktoba 2002 ya kumbana nayo mtu. Mbunge aliyekuwepo 2013 anaweza leo kugombea urais akasema aliunga mkono, na kesho yake akasema alikuwa na mashaka, na hakuna karatasi ya kumsuta.

Mikataba ni afadhali kidogo, kwa kuwa ibara ya 63 inataka Bunge iridhie. Tazama ule wa bandari na Dubai. Uliridhiwa Juni 2023, na kwa sababu watu waliweza kuusoma, nchi nzima ikaubishania kwa miezi, misikitini, makanisani, kwenye vifodi vya Ngaramtoni–Kilombero. Wengine walibishana vibaya, kwa udini na matusi. Hata hivyo ule ulikuwa mjadala wa sera ya nje, mkubwa kuliko wote niliouona maishani mwangu, na uliwezekana kwa sababu kulikuwa na karatasi.

Sasa Goma. M23 wamerudi, safari hii wakiwa na nguvu kuliko 2013, na mwishoni mwa Januari 2025 waliuteka mji. Februari wakachukua Bukavu. Wanajeshi wetu walikuwa huko chini ya kikosi cha SADC. Watatu walikwisha kuuawa kwa kombora Aprili 2024, na mwaka 2025 jeshi likatangaza vifo vingine viwili. Tarehe 8 Februari Rais Samia aliwakaribisha Dar es Salaam viongozi wa SADC na Afrika Mashariki kwa pamoja. Tarehe 13 Machi SADC ikaamua kikosi kiondoke.

Kaka wa rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye sekondari, yuko jeshini. Sitasema yuko kikosi gani. Januari yote mama yake alikuwa anatembea na simu mkononi mpaka sokoni, ikilia anaacha nyanya za watu mezani na kukimbilia pembeni. Huyo mama atapiga kura Oktoba. Namjua, atasikiliza kampeni za maji na barabara kama kila mtu, na sioni nani atapanda jukwaani pale Ngaramtoni amwambie mtoto wake alipelekwa kufanya nini.

Kwa hiyo kwa wenzangu ambao mtasimamia mijadala, na hasa sisi wa ualimu ambao mwakani tutakuwa madarasani, napendekeza tuache kuuliza "una uzoefu gani wa kimataifa". Swali hilo kila mtu ana jibu lake la kupendeza.

Kwa rais aliyeko, ambaye chama chake kilishampitisha tangu Januari, maswali ni ya rekodi. Kikosi cha Goma kilipewa kazi gani, na ilipoonekana haiwezekani, nani aliambiwa na lini? Kwa nini tulishinda 2013 tukashindwa 2025, na jibu lisiwe "mazingira yalibadilika"? Mkutano wa Februari ulizaa nini ambacho mtu wa Goma angekiona?

Kwa atakayempinga, ambaye hana jeshi la kuamuru, usimpime kwa vyeo ambavyo hakupewa. Mpime kwa alichosema wakati kusema kulikuwa na gharama. Alisema nini Kitaya iliposhambuliwa? Wakati wa mnada wa ng'ombe? Januari, Goma ilipokuwa inaanguka, alitoa msimamo au alisubiri aone upepo? Na umuulize jambo moja ambalo halihitaji uzoefu: utakubali kupeleka Bungeni, kwa kura ya majina, kila uamuzi wa kutuma kikosi nje? Hili ni ndiyo au hapana, na safari hii hakuna kivuli.

Vyanzo vipo, tena vya bure. Hansard za Bunge zipo kwenye tovuti yake, tafuta Novemba 2013 usome ile ya Kikwete mwenyewe badala ya kuisikia kwangu. Ilani za vyama huwa na sura ya ulinzi na mambo ya nje, mara nyingi mwishoni, kurasa chache. Linganisha ya 2015 na ya 2020 ya chama kimoja uone kilichofutwa. Na bajeti za Ulinzi na Mambo ya Nje husomwa wakati wa Bunge la bajeti, kwa kawaida mwezi Mei. Hiyo itatukuta kabla ya UE. Nimeshaongea na watu wa klabu ya midahalo, watafungua redio pale kwenye vimbweta vya chini karibu na maktaba. Njoo na daftari.